Tembo wa Karatasi na Karai la Maji

Mikono ya Eucabeth haijui kupumzika, na mwenyewe huisifu bila haya. Miaka yote ya ndoa yake imesugua mawe laini ya kuchonga ya Tabaka katika ua wao karibu na Suneka. Mumewe Manasseh huchonga, na Eucabeth hulizamisha jiwe katika karai la maji na kulisugua kwa msasa mpaka liwe laini kama shavu la mtoto. Kwa hiyo Nyakundi, mzee wa kanisa, alipopendekeza kwamba Sabato ya watoto mwaka huu wanyama wa safina ya Nuhu wawe picha za kubandikwa ukutani, Eucabeth alisimama kabla hajapewa ruhusa.

"Picha za nini, mzee? Watoto watakuja na wanyama wenye wametengeneza wenyewe. Si ya mawe, maana mwaka jana kiboko ilimwangukia huyu mtoto Persis kwa mguu. Ya karatasi."

"Na karatasi tutatoa wapi?"

"Kwani magazeti yako ukishasoma unapeleka mbinguni?"

Kanisa likacheka, jambo likapita. Hakuna aliyejua kwamba Eucabeth alikuwa na lake moyoni. Kila mtoto angesimama mbele na mnyama wake aseme, "Mimi ni twiga," au "Mimi ni simba." Mjukuu wake Ian, wa darasa la pili, alikuwa na kigugumizi, na tangu wenzake wamwige darasani alikuwa amefunga mdomo mbele za watu. Bibi yake alitaka asimame. Alilitaka hilo kuliko wateja wote wa Kisii mjini.

Basi trei za mayai, magazeti ya Nyakundi na madaftari yaliyojaa yakalowekwa, yakatwangwa kinuni, yakakamuliwa, yakakandwa na uji mzito wa unga wa ngano. Tembo wa Ian alianza kama gazeti lililofinywa likafungwa kwa kamba za mgomba. Miguu ilikuwa vigogo vya katikati ya karatasi ya chooni, masikio yakakatwa kwenye boksi la majani ya chai, halafu mwili mzima ukapakwa ule ujiuji wa karatasi. Sikio moja lilitoka kubwa kuliko jingine, na mwenyewe akakataa lisipunguzwe. Alimwanika juu ya banda la kuku, na kila akirudi kutoka shuleni alimgeuza kama mahindi jikoni. Siku tembo alipokauka kabisa, Ian alimkumbatia akasema, "Ni-nitasimama na yeye." Eucabeth akaenda nyuma ya jikoni akalia kwa furaha, akapangusa uso, akarudi kama mtu aliyekwenda kuangalia kuni.

Ijumaa jioni, kabla ya jua kuzama, nyumba ya Wasabato haina mtu aliyekaa. Chakula cha kesho kinapikwa, nguo zinapigwa pasi, watoto wanaogeshwa, maana jua likizama kazi zimekwisha. Eucabeth alikuwa anamalizia vibakuli vya mteja pale kwenye karai wakati Ian alipomletea tembo.

"Magokoro, hapa kwa mgongo iko na kipele."

"Lete. Kipele ni kitu gani kwa bibi yako?"

Akampokea. Mkono mmoja ukachukua msasa, wa pili ukafanya ulilozoea kufanya: ukamzamisha tembo majini. Alimsugua huku akimweleza Ian namna ya kuinua kidevu mbele za watu, mpaka lile sikio kubwa lilipobaki kiganjani mwake. Alipomtoa, mkonga ulikatika, tumbo likalegea, tembo akarudi kuwa uji.

Ian hakulia. Aliliangalia karai tu, na hilo lilimuuma bibi yake kuliko kilio. Manasseh aliweka kisu chini.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema polepole.

"Hayo ni maji. Karatasi huzoleka," Eucabeth akajibu, tayari amekwisha kuchuja vipande kwa kitambaa na kuvitia bakulini. Lakini jua lilikuwa limegusa mlima, na hata kama angekuwa mtu wa kuvunja Sabato, hakuna tembo anayekauka kwa usiku mmoja. Aibu ikamshika. "Si mimi, Ian. Ni mikono. Imezoea."

Manasseh akaleta tembo mdogo wa jiwe, anayeng'aa. Ian akamsukuma. "Si yangu. Ya-yangu iko hapo kwa bakuli."

"Basi sikia," Eucabeth akasema, na sauti yake ikarudi mahali pake. "Jiwe ikivunjika tunatupa. Hii hata ianguke kwa maji mara ngapi, Jumapili tunaiumba tena. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"I-itakuwa ile ile?"

"Ile ile. Karatasi yako na mkono wako."

Jua likazama. Ian akaingia ndani kwa maombi ya kufungua Sabato.

Kesho yake kanisani wanyama walipanga foleni, wawili wawili, wengine wamepinda shingo. Tembo wa Persis, aliyepangwa na wa Ian, alisimama peke yake. Eucabeth alimtafuta Ian kwa macho, asimwone. Ndipo Ian akatokea mlangoni, amelishika bakuli kwa mikono yote miwili.

Nyakundi akachungulia ndani ya bakuli. "Na wewe ni nani?"

"Mi-mi ni te-tembo," Ian akasema. "Ni-nilichelewa safina."

Kanisa zima likaangua kicheko. Ian akangoja wamalize, kidevu juu. "Jumapili na-naumbwa tena."

Nyakundi akapangusa macho. "Na ni nani alikusukuma kwa maji?"

Eucabeth alikuwa ameanza kuinuka akiri mwenyewe. Mjukuu wake akamtazama.

"Si Magokoro," akasema, bila neno kukwama. "Ni mikono yake."

Jumapili asubuhi Eucabeth alitoka na unga wa ngano na kamba za mgomba, akakuta Ian ameshaketi na bakuli lake kivulini. Karai la maji halikuwepo. Alilitafuta ua mzima, akalikuta nyuma ya choo, limefunikwa kwa gunia.