Siku Aliyozaliwa Yaa

Mimi, Yaa Frimpomaa, muoka mikate, niliibiwa sidi za Ghana elfu tatu na mia mbili Jumatatu nikiwa nakanda unga. Mwizi aliingia kwenye akaunti yangu ya simu akanunua raba za michezo, jozi nne, namba arobaini na tano. Zilikuwa pesa za tanuri jipya. Fundi alishasema nisipolipa Ijumaa anamuuzia mwingine, na la zamani linaunguza mkate upande mmoja na kuuacha mbichi upande wa pili. Nikafika ofisi ya kampuni ya malipo hapa Kumasi nimefura kwa hasira.

Kijana wa dirisha la nne, kibao chake kimeandikwa Kwabena, hata hakuniangalia.

"Mama, malalamiko yako yamekataliwa. Raba umenunua mwenyewe."

Nikavua ndala, nikapandisha mguu juu ya kaunta. "Hii ni arobaini na tano?"

"Mama, tafadhali, shusha mguu!"

"Angalia kwanza!"

Foleni nzima ikaangalia. Muuza nyanya mmoja nyuma yangu akasema, "Thelathini na saba hiyo. Tena ina magaga." Sikumshukuru.

Kwabena akashusha pumzi. "Mtu akisahau nenosiri anatupigia simu, tunamuuliza swali la siri. Aliyepiga alijibu sawasawa. Sasa nani mwingine, kama si wewe?"

"Swali gani?"

"Siku uliyozaliwa."

"Akajibu nini?"

"Alhamisi."

Muuza nyanya akaangua kicheko. "Siri gani hiyo? Si anaitwa Yaa? Kwetu mtoto hupewa jina la siku aliyozaliwa. Kila Yaa ni wa Alhamisi, hata kuku wanajua!"

"Mimi nimezaliwa Jumamosi," nikasema. "Yaa ni jina la bibi yangu, baba alinipa ili amkumbuke mama yake. Hebu soma nilichojaza siku nafungua akaunti."

Akasoma. Akarudia, midomo ikicheza bila sauti. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma juu ya kichwa chake, na bado jasho lilimtoka.

"Pameandikwa nini, mwanangu?"

"Jumamosi."

"Basi nani alimfungulia mwizi kwa Alhamisi?"

Msimamizi wao, Madamu Serwaa, alikuwa amekuja mbio kwa sababu ya ule mguu. Akainamia kompyuta, akasoma kwa sauti. "Simu ilipokelewa dirisha la nne."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa muuza nyanya.

"Mrudishie pesa zake zote," Madamu akasema. "Leo, kabla hujala."

Kwabena akagonga mhuri. Nilitaka kulia palepale kwa furaha. Tanuri langu! Nikavaa ndala yangu, nikamuuliza, "Na wewe, Kwabena, ulizaliwa Jumanne kama jina lako linavyosema?"

Akaukodolea macho mhuri wake.

"Jumapili, mama. Jina ni la babu."