Bolti Zilizokazwa Mara Mbili

Binamu zangu walikuwa hawasemezani, na mimi niliona ni kichekesho. Mkubwa na Mdogo, wana wa shangazi yangu, walirithi pikapu moja kutoka kwa baba yao wakaigawana kwa siku: leo yako, kesho yangu. Walinuniana tangu shehena ya vigae ilipomwagika barabarani, kila mmoja akiapa kwamba kamba ilifungwa na mwenzake. Kuanzia hapo wakawa wanazungumza kupitia kwa mama yao. Wamekaa meza moja, viwiko karibu vigusane, utasikia, "Mama, mwambie mwanao dizeli inakaribia kwisha." Shangazi anageuza shingo, anauliza, "Umesikia?" Naye anajibu, "Mwambie nimesikia." Nilikuwa nikicheka mpaka chakula kinanipalia.

Jumapili pikapu haikuwa ya mtu. Basi Jumapili moja Shangazi akaomba apelekwe stendi, mji wa jirani, akamuage dada yake. Dada mtu alikuwa anahamishwa na mwanawe kwenda kuishi naye mbali sana, na kwa umri wao hakuna aliyejidanganya kwamba wataonana tena. Basi lilikuwa linaondoka asubuhi. Shangazi aliamka kabla ya jogoo, akapiga pasi gauni lake la kutokea, akaliona lina mkunjo, akalipiga tena.

Wana wote wawili walitaka kumpeleka na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Mwishowe Mkubwa akashika usukani, mama yao akakaa kando yake, Mdogo na mimi tukapanda nyuma. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ni fundi magari, na nadhani pia kwa sababu Shangazi alitaka apumzike kidogo kazi ya kupeleka maneno.

Tulikuwa tumeshapita nusu ya njia niliposikia mlio chini yangu, kama mtu anayebisha hodi bila haraka. Nikalipiga bodi kwa kiganja, Mkubwa akasimama. Gurudumu la nyuma la kushoto lilikuwa limelegea na kuinama. Bolti mbili kati ya zile zinazolishika zilikuwa zimekatika kabisa, na nilipoanza kufungua nati nyingine, ilitoka na kipande cha bolti ndani yake.

Mkubwa alitaka twende hivyo hivyo, mdogo mdogo. Nikamkatalia katakata. Gurudumu likichomoka gari likiwa kwenye mwendo, hutapata muda hata wa kujuta, na mle ndani alikuwemo mama yake. Akampigia simu dereva wa teksi anayemjua, akaambiwa yuko mbali na ana abiria. Zilizokuwa zinapita ni pikipiki tu, na Shangazi ana nyonga mbovu, hawezi kukaa juu ya pikipiki hata ikiwa imesimama. Nikadandia mimi, nikarudi mpaka duka la vipuri tulilolipita, nikagonga mlango wa mwenye duka mpaka akatoka na mswaki mdomoni. Nilirudi na bolti mpya mfukoni na vumbi mpaka masikioni.

Nikainua gari kwa jeki, nikatoa gurudumu na kifuniko cha breki, nikaanza kuzigonga zile bolti za zamani kwa nyundo zitokee upande wa nyuma. Ya kwanza ilipodondoka niliiokota na kuitazama. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba kama ya mtu aliyeugua. Ya pili vivyo hivyo. Hazikuwa zimeliwa na kutu wala uzee. Zilikuwa zimevutwa, zikavutwa tena, mpaka zikachoka.

"Nani alikaza nati asubuhi?" nikauliza.

"Mimi," Mkubwa akasema. "Na nilitia bomba kwenye spana kuongeza nguvu, nikaning'inia juu yake. Nimekaza sawasawa."

Mdogo akakohoa. "Na mimi nilikaza."

"Kabla yake au baada yake?"

"Baada. Nilimwona akikaza. Sikumwamini."

Nikamgeukia Mkubwa. Hakusubiri nimwulize. Akasema kila asubuhi ya zamu yake na yeye hufanya hivyo hivyo, maana hajui mwenzake aliyarudisha magurudumu katika hali gani. Kumbe kila siku iliyopita, zile nati zilikuwa zikikazwa kwa bomba juu ya kukazwa kwa bomba, na kila mmoja akiondoka amejiona ndiye mwenye akili.

Nilipandwa na hasira. Swali moja tu, "umekaza sawasawa?", lingetosha. Sasa hivi tungekuwa stendi tunagombania kubeba mizigo. Nikawafokea hivyo kwa sauti, na mengine ambayo sitayaandika hapa. Kioo cha dirisha kilikuwa kimeshushwa na Shangazi alikuwa amesikia yote. Hakuwagombeza. Aliitazama tu saa ya kwenye simu yake, akaitazama barabara.

Nilikuwa bado navuta bolti mpya ziingie kwenye matundu yao simu ilipoita. Shangazi huongea kwa spika, masikio yake hayamsaidii sana, hivyo sote tulimsikia mwana wa dada yake.

"Mama mdogo, mko wapi? Dereva ameshawasha gari. Mama anauliza kama umefika."

Shangazi akaisogeza simu mdomoni. Dada yake macho yameisha. Anaona mwanga na vivuli, basi.

"Mpe simu," akasema. Tukasikia simu ikipita mkono kwa mkono. "Dada. Niko hapa nje."

Mkubwa aliinua kichwa. Mdogo, aliyekuwa amelishika gurudumu, akaliacha likaegemea goti lake.

"Nje wapi?" dada yake akauliza. "Watu ni wengi."

"Upande wako, chini ya dirisha. Mwenye gauni la bluu. Nakupungia mkono, huuoni?"

Na kweli alikuwa anapunga. Aliutoa mkono nje ya pikapu, akaupunga polepole, na mbele yake hapakuwa na kitu isipokuwa shamba lililovunwa. Kwenye simu tulisikia injini ikinguruma na mtu akiwahimiza abiria wakae. Yule kijana bila shaka alikuwa kwenye dirisha hilo hilo, na alijua hapakuwa na mtu chini yake. Hakusema neno, na mpaka leo namshukuru.

"Nimekuona," dada yake akasema. "Mbona umekonda?"

"Ni gauni tu, ni kubwa."

"Kula, mdogo wangu."

"Nitakula. Nenda salama, dada."

Mngurumo ukazidi, kisha simu ikakatika. Mkono wa Shangazi ulibaki nje kwa muda, haupungi tena. Mkubwa alisogea mlangoni, akasimama na spana mkononi. Mdogo alikuwa analia waziwazi, mikono imejaa grisi, hana pa kujifutia.

"Mkimaliza, geuzeni gari," Shangazi akawaambia. "Na fanyeni taratibu. Sina haraka tena."

Akapandisha kioo, na hakuna kati yao aliyethubutu kumtazama.