Bibi wa Dirishani

Mshonaji alifika maktaba ya mkoa asubuhi, cherehani yake ameiacha kwa jirani. Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Matanga ya mumewe hata hayajapoa, na shemeji yake alikwisha kubadilisha kufuli la chumba cha mbele. Ijumaa, alisema shemeji, itakuwa zamu ya mlango mkubwa.

Mkutubi alimwelekeza bila haraka: kwanza faharasa ya sheria, kisha juzuu, mwisho marekebisho. "Usiruke hatua, dada. Sheria haisomwi kama gazeti."

Faharasa, kwenye neno "mjane", iliwapeleka juzuu ya saba. Humo walikuta kurasa nyeupe, safi kama shuka.

"Ahaa, hii ilifutwa," mkutubi akasema. "Sheria yenyewe ndiyo yule pale dirishani."

Dirishani aliketi bibi mwembamba mwenye koti la kijivu, akiota jua. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilikwenda na marekebisho ya kwanza.

"Shikamoo, bibi. Nataka kubaki nyumbani kwangu."

"Marahaba, mwanangu. Hicho ni kifungu changu cha tisa." Akakitamka chote bila kukohoa: mjane hataondolewa katika nyumba aliyoishi na mumewe, wala ndugu yeyote hatamfungia mlango.

Mshonaji alilia. Hakuwahi kusikia serikali ikimtaja.

Wakaongozana mahakamani. Karani alimpa bibi kiti, akamsikiliza hadi mwisho.

"Kaandikwa vizuri," alikiri. "Watu wa zamani walijua kuandika. Lakini kafutwa, mama. Sheria ya sasa inasema nyumba ni ya ndugu wa marehemu, pamoja na vitu vingine vilivyomo."

"Na mimi je?"

Karani alitazama tena, kwa nia njema kabisa. "Wewe umo kwenye vitu vingine."

Ijumaa shemeji alikuja na fundi wa kufuli, akamkuta bibi amekuja kukaa na mshonaji. Alimwamkia bibi kwa adabu, maana alilelewa vizuri, kisha akamwomba apishe mlangoni. Bibi akapisha. Hakuwa na nguvu ya kukataa. Nguvu hiyo alinyang'anywa siku ile ile aliyofutwa.

Akashika godoro upande mmoja kwa vidole vyake vitatu, mshonaji akashika upande wa pili.

"Taratibu, bibi, utaanguka."

"Twende dirishani kwangu, mwanangu. Kufukuzwa nimekuzoea."

Maktaba ilikuwa ikifungwa saa kumi na moja, kwa hiyo wakakaza mwendo.