Sungura Aliyeitwa Kodi

Kulthumu alipompa sungura wake jina la Kodi, alidhani ni mzaha wa watu wawili, wa kuchekwa mlango ukiwa umefungwa. Lakini katika cité, mitaa ya Waafrika ya Élisabethville, ukuta wa jirani haukuzuia neno. Juma halikuisha, mtaa mzima ukajua kwamba kwa Kulthumu na mumewe Abibu, mfumaji wa viti, Kodi amekula shuka la arusi na Kodi amekojoa tena jikoni.

Jina lilimkaa. Kila kilichoingia nyumbani sungura yule alikikatia fungu lake bila kuomba ruhusa: pindo la kikwembe, kona ya mkeka, kisigino cha kiatu. Hasa viti. Abibu alifuma kwa kekele, ile mimea ya kutambaa iliyokuja na treni kutoka misitu ya kwao Maniema, na Kodi aliipenda kama mtu apendavyo muwa.

Asubuhi moja Abibu alikuta kiti cha mteja kimelegea mguu mmoja kama mlevi.

"Kulthumu! Uyu kalulu yako akikula tena kiti yangu, na miye namukula yeye."

"Iko mutoto bado, bwana yangu."

"Mutoto? Mutoto gani ana meno ya seremala?"

Kulthumu alimjua mumewe: alitania juu ya mambo yote, isipokuwa viti. Akajitanda kikwembe chake kilichobaki kizima, akaenda kwa jirani yake Mwaba, mwanamke wa Kasenga aliyefuga sungura nyuma ya nyumba. Mwaba ndiye aliyempa Kodi siku ya arusi, na alikuwa amempa kwa ajili ya mchuzi. Kusikia kwamba mchuzi umepewa jina na unalala chini ya kitanda, alicheka hadi akashika mbavu.

"Usimupige," alisema alipopata pumzi. "Ukimupiga atakuogopa, lakini atatafuna tu. Meno ya kalulu inaotaka kila siku, hainaka mwisho. Umupe matawi ya mupera, umupe majani mingi. Kinywa ikiwa na kazi, inasahau viti."

"Na mavi, yaya?" aliuliza Kulthumu, akimwita kwa heshima ya dada mkubwa.

"Alishachagua kona?"

"Ile tu Abibu anawekaka viti alishamaliza."

"Basi hapo ndipo utaweka kasha. Chini majivu, juu majani makavu, na mavi yake kidogo ndani, ajue ni kwake. Chakula uweke palepale, kwa sababu kalulu anakunyaka akiwa anakula. Halafu uvumilie."

Kulthumu akaomba dukani kasha tupu la sabuni, akafanya kama alivyoambiwa. Upande wa choo mambo yalikwenda vizuri kuliko alivyotumaini. Kodi alilizunguka kasha, akalinusa, akaruka ndani, akakaa humo akitafuna na kuangusha vidonge vyake kwa utulivu mkubwa. Viti ndivyo vilivyokuwa na shida. Matawi ya mpera aliyala, kisha akaenda kwenye kekele kama mtu anayemalizia kwa tunda.

Mwaba alikuwa amesema avumilie, ila uvumilivu Kulthumu hakuzaliwa nao. Dawa ya pili aliitunga mwenyewe. Akatwanga pilipili kali, akaikoroga na maji, akapaka fungu zima la kekele kwa kitambaa, akainyamazia. Kitu kimoja alikisahau: Abibu alipofuma, alishika uzi wa kekele kwa meno.

Abibu alikaa barazani, akachagua uzi mrefu, akauma. Kwa muda kidogo hakuna kilichotokea. Kisha akaruka, na kiti kikaruka naye.

"Amekojolea kekele yangu!" alipiga kelele. "Kodi! Mwizi wewe! Leo nakuchinja! Kodi, nakuchinja mbele ya bantu bote!"

Kulthumu, aliyekuwa mlangoni, alijua fika si mkojo. Akafumba mdomo wake vizuri.

Barabarani alikuwa anapita polisi Kalaba, sare imepigwa pasi. Akasimama, akageuka, akapanda barazani.

"Nani anataka kuchinja kodi ya serikali?"

Abibu alitaka kueleza, lakini kinywa kilikuwa moto. Akatoa ulimi nje apate hewa, machozi yakimtiririka.

"Na sasa unanitolea ulimi?"

Watu walikuwa wamefungwa kwa maneno madogo kuliko hayo. Kulthumu akatoka mbio.

"Bwana askari, pardon! Kodi iko sungura!"

"Sungura? Iko wapi?"

"Ndani. Iko ku choo."

Kalaba akaingia, mkono juu ya fimbo. Kodi alikuwa ndani ya kasha lake, jani linaning'inia mdomoni, akamtazama kama mkubwa aliyeingiliwa ofisini. Hakuacha kutafuna, wala ile kazi nyingine.

"Nani alimupa ile jina?"

"Ni miye. Kila kitu tunaleta ku nyumba, yeye anakamata kwanza ya kwake."

Mdomo wa polisi ulicheza upande mmoja. Akaangalia mlangoni kama kuna anayesikia, kisha akachuchumaa.

"Anakunyaka ndani ya kasha kila siku?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Batoto bangu banafuga moja. Ya kwetu inapendaka kofia yangu ya kazi."

Kulthumu akamweleza yote, majivu, majani, chakula palepale, naye alisikiliza kwa makini. Alipoinuka akawa polisi tena.

"Ile jina mubadilishe. Leo leo."

"Ndiyo, bwana askari."

Alipokwisha kwenda, Abibu aliingia na kikombe cha maji, midomo imevimba.

"Kulthumu. Mikojo ya kalulu inachomaka vile?"

Alijaribu kusema ndiyo. Neno lilifika kooni likageuka kicheko, na kicheko kikamwangusha chini juu ya mkeka.

"Iko pilipili," alisema. "Nilipaka pilipili."

Abibu aliweka kikombe chini.

"Kumbe ni miye uko unanifundisha kuacha kutafuna."

Kicheko kikaanza upya, na safari hii hata Abibu hakukiweza, ingawa kucheka kulimuuma midomo.

Kesho yake Kulthumu alisikia nyundo uani. Kasha la sabuni lilikuwa limeliwa ukuta mmoja, na Abibu alikuwa anapigilia jingine la mbao nene, amenuna, misumari imejaa mkononi.

"Anaingiliaka upande gani?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Kulthumu akachuchumaa kando yake, akamwonyesha.