Birika Laacha Kazi

Usiku wa jana niliota birika langu la chai limekaa kwenye kochi la wageni, limevaa koti la mvua, begi liko miguuni. Birika halina miguu. Hilo sikuliuliza.

"Mama Mwantumu," likasema, "nimekuja kuaga. Si umenifukuza?"

Kweli nilikuwa nimelifukuza. Binti yangu Mwantumu anatunga nyimbo, na kila wimbo una birika. Wa mapenzi, birika. Wa msiba, birika. Hata ule alioitungia timu ya netiboli. Jioni aliniimbia wimbo wa kurekodi Jumamosi, nikasikia birika linachemka tena, nikamwambia, "Watu watadhani tunauza vyombo. Litoe, weka mwezi kama wenzio." Akalifunika gitaa, akasema Jumamosi haendi na kuimba ameacha. Akalala bila kula.

"Mwezi wenyewe uko mlangoni," likasema Birika.

Mwezi ukaingia ukihema. "Jioni hii peke yake nina nyimbo sitini," ukasema. "Hapa nafanya nini? Nang'aa, au namlilia aliyeondoka?"

"Sijui."

"Basi nitang'aa. Wengi hawaulizi zaidi."

Mara hatuko sebuleni. Tuko ndani ya wimbo wa Mwantumu, ubeti wa pili: chumba kidogo, kuta za mistari, paa limeegemea kichwa cha Birika. Mlango unagongwa. Ni Kiitikio, mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni. Anasema maneno manne, anaondoka. Kabla sijakaa amerudi na manne yale yale.

"Si umetoka hapa sasa hivi?"

"Ndiyo kazi yangu, shoga."

Birika linanyanyua begi. Paa linalia. Mwezi unajaribu kulizuia paa, unateleza. Haujui hata nyumba hii ina vyumba vingapi. Pembeni amekaa Mwantumu, amekuwa mtoto wa miaka sita. Anafungua mdomo kuimba, sauti haitoki.

"Rudi!" nasema. "Wimbo unamwangukia mtoto!"

"Kwanza nijibu," linasema Birika. "Siku uliyomchapa kwa sababu ya kioo cha kabati kuvunjika, kumbe kavunja paka, nani alikwenda kumwomba radhi?"

"Nilimpikia chai."

"Nimeuliza nani alikwenda."

"Wewe."

"Alipofeli hesabu ukamwita gogo?"

"Wewe."

"Unadhani ananiimba mimi, bati lililobonyea? Anaimba ule ukimya wako ukimmiminia chai. Na kesho ulipanga kunituma tena. Siendi. Nimechoka kuwa mdomo wa mtu mwenye mdomo wake."

"Mimi mambo ya kubembelezana siyawezi."

"Basi paa lije."

Kiitikio anachungulia. "Kasema?"

"Bado."

"Nitarudi."

Paa linagusa nywele zangu. Mtoto ananitazama, wala hakimbii. Nafungua mdomo. Neno linapanda polepole kutoka tumboni, linatokota kooni, linatoka na mvuke, la moto kuliko uji wa mtama:

"Mwanangu, nisamehe."

Mtoto anavuta pumzi.

Nikaamka. Kumekucha. Nikaenda moja kwa moja chumbani kwa Mwantumu, sikupita jikoni, maana ningepita jikoni najijua.

"Mwantumu. Nisamehe. Nilikosea. Wimbo wako uache kama ulivyo, na Jumamosi uende."

Akajiinua kitandani, akanikazia macho. Nadhani alikuwa hajawahi kulisikia neno hilo likitoka kwangu. Halafu akakunja uso.

"Mama, mbona unaongea kama una kiazi cha moto mdomoni? Hebu toa ulimi."

Nikautoa.

"Heh! Malengelenge haya! Umekunywa nini alfajiri yote hii?"

"Sijanywa kitu," nikamwambia. "Hata kiberiti sijashika."

Akaniangalia ulimi tena, akacheka, akanyoosha mkono kulichukua gitaa.