Titi la Tecla na Ng'ombe Sista

Muuguzi wa kwanza alimwuliza Tecla kama ananyonyesha.

"Kitinda mimba wangu yuko kidato cha pili," Tecla akajibu. "Nikimwita anyonye, atakimbia aibu ahamie Longisa."

Muuguzi akacheka, akampa vidonge. Uvimbe wa titi la kushoto ukavila vidonge hivyo, ukanenepa. Muuguzi wa pili akauliza lile lile, akapasua, akatoa usaha, akafunga bandeji. Wiki mbili baadaye kidonda kikafumuka upya, na homa ya jioni ikawa inakuja kama mgeni aliyezoea ugali wa watu. Tecla akaacha kuchuma chai. Kunyonyesha hanyonyeshi, kujigonga hakujigonga. Basi ni nini? Jibu alilokuwa nalo ni moja, na hakulitamka hata mbele ya mumewe, Weldon. Shangazi yake alikatwa titi kwa saratani, na mwaka haukuisha kabla hajazikwa.

Sasa, katika hospitali kubwa, Daktari Oyugi aliisoma karatasi ya maabara, kisha akamtazama.

"Mama, una ng'ombe?"

Tecla akageuka nyuma, labda anaulizwa mtu mwingine.

"Ninaye mmoja, anaitwa Sista. Kwani naye ni mgonjwa?"

"Wewe ndiye uniambie. Alizaa vizuri?"

"Alitupa mimba. Kondo la nyuma likakataa kutoka, nikalivuta."

"Kwa glavu?"

"Daktari, kwani nilikuwa naenda harusini?"

"Na maziwa yake?"

"Ya chai nachemsha. Kikombe cha kuonja pale pale zizini, hicho ni haki ya mkamuaji."

Oyugi akaweka karatasi chini, akaeleza. Kile kinyama walichokata kwenye uvimbe wakakipima hakikuwa na saratani. Kwenye usaha ndiko walikoota bakteria wa ng'ombe, brusela. Hupenda viungo na mgongo. Kwenye titi, hata yeye alikuwa amewaona vitabuni tu. Dawa za aina mbili, wiki sita, bila kuruka siku. Sista naye apimwe.

"Kwa hiyo hulikati?"

"Silikati."

"Hata kidogo?"

"Mama, nikate nini?"

Tecla akalia, akacheka, asijue lipi lilitangulia.

Alifika nyumbani Weldon akiwa zizini. Tangu augue, kukamua ni kazi ya mume.

"Wamesema ni nini?"

"Ni Sista."

Weldon akamtazama mke, akamtazama ng'ombe. "Sista amekuuma titi?"

Tecla akafungua kinywa aeleze, ndipo akaona povu jeupe kwenye masharubu ya mumewe. Akampokonya kikombe, akamwaga kilichobaki.

"Kesho," akasema, "tunaenda wawili."