Kiuno Kimo

Jumatatu saa tatu asubuhi Tokilupe alikuwa barazani kwake, Nuku'alofa, mji mkuu wa Tonga, akichana majani makavu ya mkadi kwa ukucha wa dole gumba. Redio ilikuwa dirishani, na kikosi cha raga cha taifa kilikuwa kinasomwa. Nahodha Hale alisomwa mzima, maana klabu yake ya ng'ambo ilifilisika mwezi wa nne na hakubaki mtu wa kumzuia. Wachezaji wa hapa nyumbani nao walisomwa wazima. Kisha mtangazaji akageuza karatasi.

"Mpigaji penalti, Manase Taukolo, kuanzia kiunoni kwenda chini."

Akaendelea na hali ya hewa.

Ilikuwa habari njema. Mwaka juzi klabu ya Manase huko Ufaransa ilimtoa kisigino tu, na hata hicho kilichelewa kufika. Miguu yote miwili kwa mchujo wa Kombe la Dunia, tena dhidi ya Wasamoa, ilikuwa bahati kubwa, na mpaka adhuhuri watu sokoni walikuwa wakiwagawia Wasamoa kipigo cha pointi ishirini.

Tokilupe alikuwa shangazi yake Manase, na kwa Watonga shangazi ndiye mkubwa wa nyumba, hata kama kaka yake ana mvi na yeye bado anaota chunusi. Neno lake kwa mtoto wa kaka halina rufaa. Manase alikuwa ameondoka miaka sita iliyopita, alfajiri, kwa haraka, bila kufungwa ta'ovala, mkeka wa kiunoni ambao mtu mwenye adabu haagani na wakubwa wake bila kuuvaa. Jambo hilo lilimkereketa Tokilupe miaka yote sita. Mkeka aliokuwa akiusuka ulikuwa wa kumfunga siku atakayorudi.

Alasiri alikwenda uwanjani kwa Uesile, kocha wa timu.

"Uesile, barua ya klabu inasema kuanzia kiunoni. Kiuno kimo au hakimo?"

"Shangazi, mimi nimeletewa barua tu."

"Nakuuliza kiuno."

"Kwa kupiga mpira, mapaja yanatutosha."

"Na mkeka nimfunge wapi, magotini? Kaandike barua."

Uesile aliandika. Wanasheria wa klabu walikaa siku tatu, wakajibu kwamba kiuno kimo, lakini kitovu ni cha klabu.

Jioni ile Tokilupe alimpigia simu Manase.

"Nilikwambia uje mzima."

"Nilisaini, shangazi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Karatasi ilitaka saini ya mkubwa wa familia. Nikampa baba."

Tokilupe alishusha pumzi. "Penisoni? Wamempa kalamu mtu ambaye hata paka wake nilimchagulia jina mimi."

Mtaani kila mtu alielewa mambo yalivyokwenda. Nusu ya juu ilibaki kwa sababu baba alisaini, nusu ya chini ilikuja kwa sababu shangazi hakuulizwa, na saini ya baba peke yake haifiki miguuni. Penisoni alianza kuingia kwa dada yake kwa mlango wa nyuma.

Miguu ilishuka ngazi za ndege ya Jumamosi ikiwa na kaptura ya mazoezi na soksi safi. Afisa wa uhamiaji aligonga muhuri kwenye nusu ya pasipoti. Tokilupe alikuwa amejiandaa kumsalimu mwanawe kama wanavyosalimiana watu wa kwao, pua shavuni, na kwa kuwa shavu halikuwapo, aliinama akaweka pua kwenye goti la kulia. Goti lilinukia dawa ya kuchua misuli. Akaufunga mkeka, akazungusha kamba mara mbili, na ukakaa sawasawa. Ndipo akalia, kwa sababu juu ya mkeka hapakuwa na mtu wa kumwambia asante.

Kesho yake asubuhi miguu ilitoka ikakimbia barabarani. Huko Ufaransa ilikuwa imesahau kuwa Jumapili Tonga hakuna mazoezi, wala mechi, wala hata ndege. Polisi aliirudisha nyumbani.

"Umenitia aibu," Tokilupe alisema. "Kanisa zima limekuona."

Miguu ikapiga magoti. Baadaye ilikaa mezani na wengine. Tokilupe alipakua viazi vikuu, na nyama iliyopikwa kwa tui ndani ya majani ya magimbi, akaweka sahani mbele ya kiti kile. Penisoni alisubiri kwa heshima mpaka wote walipomaliza, kisha akala kilichokuwamo.

Jumamosi iliyofuata uwanja ulijaa mpaka juu ya miembe ya jirani.

"Hawa tunawala," Uesile aliwaambia wachezaji wake, akaenda zake kukaa, maana hakuwa na la kuongeza. Mwamuzi alipekua kitabu cha sheria, akakuta hakuna mahali kinaposema mchezaji awe na kichwa. Nahodha wa Samoa hakulalamika. Yeye mwenyewe alikuwa na winga aliyeletwa bila mgongo.

Dakika ya themanini Tonga ilikuwa nyuma kwa pointi mbili, na penalti ikatoka pembeni kabisa, karibu na mstari. Hale aliusimamisha mpira. Miguu ilirudi nyuma hatua tano, ikatulia, ikaja. Mpira ulipita katikati ya milingoti, na walikuwapo waliogeuka kushangilia hata kabla haujapita.

Simu ya Tokilupe ililia watu wakiwa bado wanaimba.

"Nipo ofisini kwa klabu, wameniweka kwenye kiti," Manase alisema. "Mechi nimeiona kwenye televisheni, shangazi. Lakini nyasi nimezisikia kweli, miguuni."

"Zilikuwaje?"

"Zina maji kidogo. Kama zamani."

"Lini utakuja na uso?"

Alisikia mtu akisema jambo kwa Kifaransa, kisha simu ikakatika.

Miguu ilirudi kwa ndege ya Jumatatu. Tokilupe aliufungua mkeka pale pale uwanja wa ndege, kwa sababu mtu huondoka nao akiwa ameaga, na miguu haina mdomo wa kuaga. Akauning'iniza sebuleni.

Mwaka uliofuata, kabla ya Kombe la Dunia, klabu iliandika tena. Ilipongeza ushindi, ikaeleza kuwa imepitia picha za ile mechi kwa makini na kuona kwamba mguu uliopiga ulikuwa mmoja. Ingetoa mguu wa kulia. Uesile aliileta barua mwenyewe, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Unatosha, shangazi. Nimeshaupangia namba. Robo fainali tunafika."

"Najua tunafika," Tokilupe alisema. "Kiuno kimo?"

"Safari hii hakimo."

Tokilupe akaushusha mkeka ukutani, akakaa nao barazani karibu na redio. Alitafuta ncha ya jani la mwisho alilosuka, akaanza kuufumua, ili utoshe paja.